Mkono Uliomuua Zeus: Rekodi za Gemu Zilizochota Ngano za Wagiriki

Katika ngano za Wagiriki wa kale, miungu huumia lakini hawafi. Ares, mungu wa vita, aliwahi kufungiwa ndani ya mtungi wa shaba na majitu mawili, Otus na nduguye Ephialtes, akakaa humo miezi 13 hadi Hermes alipomtorosha akiwa hoi. Kwenye uwanda wa Troya, Diomedes alimchoma mkuki tumboni, Athena akiusukuma, na Homer anasimulia kwamba Ares alipiga ukelele kama wa watu elfu tisa au elfu kumi. Kisha nini? Akapanda Olympus, akamlilia baba yake, akatiwa dawa, akaogeshwa, akavalishwa, akakaa. Hadithi ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 2,500. Halafu Machi 2005 ikatoka God of War, gemu ya PlayStation 2 ambamo mtu wa Sparta aitwaye Kratos anamchoma Ares upanga, na Ares anakufa asirudi.

Hapa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, kijana anaweza kuijua sura ya huyo Msparta, mwili mweupe kwa majivu na mchirizi mwekundu unaopita jichoni, kabla hajasikia jina la Homer. Ukiingia kwenye vibanda vya gemu utaona mpira ndio unaoingiza hela. Lakini ikiwashwa God of War, hata waliokuja kungoja zamu ya mpira husogea. Mmoja ameshika padi, wengine wamejipanga nyuma yake wanamwelekeza: ruka, kinga, sasa duara, duara! Miongoni mwao wamo waliotoka kwenye karasha za kusagia mawe mchana, vumbi bado liko kwenye viatu. Wanajua Zeus ni nani. Wanamjua kama bosi wa mwisho.

Naheshimu ujuzi huo. Ila ngano zenyewe ni pana kuliko kilichomo kwenye diski, na namna gemu zilivyozigeuza ni habari inayostahili kusimuliwa kwa kirefu. Nimeipanga kwa rekodi, kwa sababu wacheza gemu hupenda kujua nani alitangulia, nani mkubwa na nani alipita kiasi.

Waliotangulia

Mashine ya kwanza kabisa ya gemu ya kuunganishwa na televisheni ya nyumbani, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1972, iliitwa Magnavox Odyssey. Mbuni wake, Ralph Baer, hakumweka Odysseus ndani yake. Kilichokuwamo ni nukta za mwanga zinazosogea, pamoja na karatasi za plastiki za kubandika kwenye kioo ili zipambe uwanja. Homer alitoa jina tu. Hata hivyo tasnia nzima ya gemu za nyumbani ilianza na jina la utenzi wake.

Waliozigeuza ngano kuwa mapigano ni Wajapani. Mwaka 1986 kampuni ya Tecmo ilitoa Rygar, ambayo kwa Kijapani jina lake lilimtaja shujaa wa Argos, na mwezi Desemba mwaka huo huo Nintendo wakatoa Kid Icarus. Ndani yake kijana mwenye mabawa na upinde anamwokoa mungu wa kike aliyeundwa kwa mfano wa Athena, na adui ni Medusa, aliyepandishwa cheo akawa malkia wa giza. Kwa mshairi Hesiod, Medusa ni mmoja tu wa dada watatu, na ndiye peke yake kati yao awezaye kufa. Hajawahi kutawala chochote.

Mwaka 1988 Sega wakaleta Altered Beast. Zeus anamfufua askari wa Kirumi kutoka kaburini akamkomboe binti yake Athena aliyetekwa. Askari wa Kirumi, kwa Zeus! Lakini kosa la enzi si kubwa kama hilo la pili. Athena alizaliwa amevaa silaha. Ndiye aliyeusukuma mkuki ulioingia tumboni mwa Ares, ndiye aliyemrudisha Odysseus nyumbani. Kumfanya msichana anayengoja kuokolewa ni rekodi ya kumshusha mungu hadhi, na kwa maoni yangu haijavunjwa hadi leo.

Geuzo kubwa kuliko yote: mtumishi akawa muuaji

Wengi wanadhani Kratos alizaliwa kwenye ofisi za Santa Monica Studio, California. Hapana. Hesiod anamtaja: ni mwana wa Styx, ndugu yake Nike, Zelos na Bia, na wote wanne wanakaa karibu na Zeus, hawaendi popote asikowaongoza. Katika tamthilia ya Prometheus Afungwaye, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Aeschylus, Kratos anaingia jukwaani mwanzoni kabisa. Yeye na Bia wamemleta Prometheus kwenye mwamba ili afungwe kwa kosa la kuwapa wanadamu moto. Hephaestus, mungu mhunzi, anapigilia misumari akiwa na huzuni. Kratos anamkaripia apigilie kwa nguvu zaidi. Hana huruma hata chembe. Ni mkono wa mtawala.

Sasa mtazame Kratos wa gemu. Katika God of War II ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Cory Barlog, anamkuta Prometheus amening'inizwa, ndege anamla, na Prometheus mwenyewe anamwomba amwue ili mateso yaishe. Kratos anamfungua, Prometheus anaangukia motoni, anakufa, na nguvu mpya inamwingia muuaji wake. Yule aliyesimamia kufungwa kwake jukwaani ndiye anayemfungua kwenye kioo. Yule aliyekuwa mlinzi wa kiti cha Zeus ndiye atakayekipindua.

Na historia ya maisha yake imechukuliwa kwa mtu mwingine. Katika gemu ya kwanza, Ares anamlaghai Kratos hadi anamuua mkewe Lysandra na binti yake Calliope kwa mikono yake, na majivu yao yanagandamana na ngozi yake. Ndiyo maana ni mweupe. Hayo ni ya Heracles. Euripides alionyesha jukwaani mjini Athens jinsi Hera alivyomtia Heracles wazimu, akawaua mkewe Megara na watoto wao akidhani ni watoto wa adui. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Heracles anapozinduka anafunika uso, anataka kujiua, na rafiki yake Theseus anakaa karibu naye, anamshika mkono bila kuogopa najisi, anampeleka Athens akatakaswe. Kratos hana Theseus. Anakimbilia kazi nyingine ya kuua, halafu nyingine. Kwenye gemu za mwanzo hakuna mtu hata mmoja anayemshika mkono, na nadhani hicho ndicho kitu kikubwa kilichopotea njiani.

Waliomwaga damu kuliko wote

Rekodi hii haina mshindani. God of War III ilitoka Machi 2010 chini ya uongozi wa Stig Asmussen. Mchezaji anaanza akiupanda mlima Olympus juu ya mwili wa Gaia, mama wa dunia, na kabla hajamaliza amewaua Poseidon, Hades, Helios, Hermes, Hera, Hephaestus na Zeus, ukiacha Hercules (ndiye Heracles) na Cronos. Ares alikwisha kuuawa mwaka 2005, Athena mwaka 2007, Persephone mwaka 2008 katika gemu ndogo ya PSP. Aphrodite anasalimika.

Idadi yenyewe si kitu. Cha kuangalia ni jinsi wanavyokufa, maana waundaji walifanya jambo ambalo sinema haiwezi: waliuingiza mkono wa mtazamaji ndani ya tendo. Poseidon anapofikia mwisho, picha inageuka, na unamwona Kratos kwa macho ya Poseidon mwenyewe. Kioo kinakutaka ubonyeze vijiti vyote viwili vya padi kwa pamoja. Vidole gumba vyako vinafanya juu ya padi kile ambacho vidole gumba vya Kratos vinakifanya kwenye macho ya mungu. Helios anang'olewa kichwa, na kichwa hicho kinakuwa taa ya kumulikia mapango. Hermes anakatwa miguu ili viatu vyake vichukuliwe.

Na kila mmoja akifa, kuna kitu duniani kinaharibika. Poseidon akifa, bahari inafurika. Helios akifa, jua linazimika. Hermes akifa, maradhi yanatapakaa. Hera akifa, mimea inakauka. Hapa gemu hii ina maarifa kuliko wanavyodhani wanaoidharau. Kwa Wagiriki, Poseidon hakuwa mfalme anayemiliki bahari tu. Bahari ikichafuka, huyo ndiye. Ukimuua, bahari haina wa kuizuia. Kratos anashinda kila pambano na mwishoni amebaki na dunia isiyokalika.

Kisha Zeus. Kratos anampiga ngumi usoni, na wewe unabonyeza kitufe cha duara. Kioo kinaanza kutapakaa damu. Kila ngumi inaongeza, hadi kioo chote ni chekundu na huoni uso wala ngumi. Hakuna maandishi yanayokwambia imetosha. Gemu inaendelea kupokea ngumi kadiri unavyobonyeza, na inasonga mbele pale tu wewe unapoacha. Nimewaona vijana wakishangilia mwanzoni, halafu kelele zikapungua, halafu mmoja akamwambia mwenye padi: ameshakufa huyo, acha. Katika gemu zote nilizozicheza, hilo ndilo tukio linalomuuliza mchezaji swali zito kuliko yote: hasira hii ni ya Kratos, au ni yako?

Gemu hiyo hiyo ina doa ambalo siwezi kulitetea. Kwenye jumba la Poseidon kuna mwanamke mateka. Ili mlango mzito usishuke, Kratos anamburuta na kumbana kwenye gurudumu la kuuinulia, analia, mtambo unamponda. Hakuna ngano inayolidai tendo hilo, na hadithi haisogei hata hatua moja kwa ajili yake. Jiwe lingetosha. Gemu za Kratos zimepewa Ulaya alama ya miaka 18, na alama hiyo ni ya kweli. Wenye vibanda, mtoto aliyevaa sare ya shule ya msingi asikabidhiwe padi hiyo. Plato aliwaza jambo la jinsi hii katika Jamhuri: alitaka hadithi za Cronos kumkata baba yake zisisimuliwe ovyo mbele ya watoto, hata kama zingekuwa kweli. Alikuwa mkali kupita kiasi katika mengi; katika hili namwelewa.

Unabii uliongoja muda mrefu kuliko wote

Pamoja na damu hiyo yote, God of War imeshika uzi mmoja wa ngano kwa uaminifu ambao wasomi wachache wanausifu. Uranus alipinduliwa na mwanawe Cronos. Cronos akawameza watoto wake ili yasimpate hayo, akadanganywa kwa jiwe lililofungwa nguo za mtoto, na Zeus aliyefichwa akakua akampindua. Zeus naye akaambiwa kwamba mkewe Metis atazaa mwana atakayemshinda, akammeza Metis mwenyewe. Baadaye akaambiwa vivyo hivyo kuhusu Thetis, akamwozesha kwa mwanadamu. Mtoto aliyezaliwa ni Achilles, mkubwa kuliko baba yake, lakini mwenye kufa.

Kwa hiyo katika ngano zenyewe kuna kiti kisichokaliwa: mwana wa tatu, yule anayetakiwa kuja kumfanyia Zeus kile Zeus alichomfanyia baba yake. Washairi wa kale walimzuia kila mara. Waandishi wa gemu walimruhusu aje. Katika God of War II tunaambiwa Kratos ni mwana wa Zeus, na mambo yote yanaeleweka ghafla. Wagiriki waliliacha swali wazi, na Wamarekani wakaja kulijibu kwa nyundo na mnyororo. Ni jibu la kikatili, lakini ni jibu la swali la Hesiod mwenyewe.

Lile jiwe alilolitapika Cronos, Hesiod anasema Zeus alilisimika Delphi liwe ajabu kwa wanadamu. Msafiri Pausanias alionyeshwa jiwe huko katika karne ya 2 baada ya Kristo, halikuwa kubwa, na lilimiminiwa mafuta kila siku. Sisi wa Mkoa wa Songwe tunalo la kwetu, tena la chuma na kutoka mbinguni kweli: Kimondo cha Mbozi, katika wilaya jirani, urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kimoja kati ya vimondo vikubwa kabisa duniani. Wageni walikiandika mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wanakijua.

Eneo kubwa kuliko yote

Assassin's Creed Odyssey, ya Ubisoft Quebec, ilitoka Oktoba 2018. Imejenga upya Ugiriki ya mwaka 431 kabla ya Kristo, vita kati ya Athens na Sparta vikianza, katika ramani ya takribani kilomita za mraba 250 ukihesabu na bahari. Mchezaji anachagua kuwa Kassandra au Alexios. Minotaur, Medusa, Sphinx na jitu la jicho moja wote wamo, ila wamepewa maelezo ya mitambo ya ustaarabu uliopotea, na hapo naona uzito wa ngano umepunguzwa. Ukisema jitu limetengenezwa na mashine, umemnyima mchezaji hofu ya kweli.

Kinachonivuta zaidi ni vitu vidogo vya ardhini. Kusini-mashariki ya Athens kuna machimbo ya fedha ya Laurion. Kwa mshipa mnono uliopatikana huko, Waathens walikubali mwaka 483 kabla ya Kristo kutumia fedha hiyo kuunda meli za kivita badala ya kugawana, na meli hizo ndizo zilizowashinda Waajemi Salamis. Waliochimba walikuwa watumwa, kwenye mashimo membamba ya kutambaa kwa tumbo na taa ya mafuta. Wilaya yetu inaishi kwa dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, na nikiwaza Laurion sioni nguzo nyeupe za marumaru kwanza. Namwona mtu chini ya ardhi. Mwaka 2019 Ubisoft walitoa sehemu ya ziada iliyoondolewa mapigano yote, mtu atembee tu akieleweshwa historia. Walimu wangeifurahia.

Maneno mengi sana

Iliad ina mistari karibu 15,700, Odyssey zaidi ya 12,000. Hades, gemu ya studio ndogo ya Supergiant Games ya San Francisco iliyokamilika Septemba 2020, ina zaidi ya maneno 300,000 ya mazungumzo na simulizi. Mwandishi mkuu ni Greg Kasavin. Mwaka 2021 ikawa gemu ya kwanza kupata Tuzo ya Hugo, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya vitabu na sinema za kubuni.

Naiweka juu ya zote katika orodha hii, na sababu ni ile niliyoanza nayo. Hades imerudisha kanuni ya Wagiriki: mungu hafi. Mchezaji ni Zagreus, mwana wa Hades, anayetaka kutoroka kuzimu. Anapigana, anauawa, anaibuka kutoka dimbwi la damu nyumbani kwa baba yake, anajikung'uta, anasalimia watu wa nyumba, anaanza tena. Gemu nyingine zikikuua zinakurudisha nyuma kana kwamba hukufa. Hii inakumbuka. Kila kifo kinaleta mazungumzo mapya: na Achilles, ambaye hapa ni mlinzi wa mlango na mwalimu wa silaha, na Nyx, mungu wa usiku, na baba mwenyewe, aliyeinamia meza yenye makaratasi, asiyeinua macho.

Na safari nzima ni ya nini? Ni kumtafuta mama. Persephone aliondoka, na kijana anataka kujua kwa nini. Baba yake anamzuia mlangoni kwa mkuki. Gemu ina mapigano ya kasi kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kinachomfanya mtu aendelee usiku kucha ni ugomvi wa nyumba moja na namna unavyoweza kusuluhishwa. Achilles na mwandani wake Patroclus, waliotengwa na kifo, wanaweza kukutanishwa tena. Hata Sisyphus, ambaye ngano zinamwonyesha akisukuma jiwe milele kama adhabu, hapa amelizoea jiwe lake, ni mchangamfu, na Zagreus anaweza kumwombea afunguliwe. Alama ya umri ya Ulaya ni miaka 12.

Waliouza haraka kuliko wote

God of War Ragnarök, Novemba 2022: nakala milioni 5.1 katika wiki ya kwanza, kasi ambayo Sony hawakuwahi kuiona kwa gemu yao yoyote kabla ya hapo. Wakati huo Kratos alikwisha kuhamia kwa miungu ya kaskazini mwa Ulaya, ana ndevu na mtoto wa kulea. Lakini Desemba 2023 kikatolewa kipande cha bure, Valhalla, ambamo Ugiriki inamrudia. Anakutana tena na kichwa cha Helios, na safari hii kichwa kinasema, kinamhoji, kinamkumbusha. Imemchukua miaka 18 tangu gemu ya kwanza kufika mahali ambapo Heracles wa Euripides alifika kwa onyesho moja. Lakini amefika.

Aliyesahauliwa kuliko wote

Memnon, mfalme wa Wahabeshi. Alikuja Troya na jeshi baada ya Hector kufa, akamuua Antilochus mwana wa Nestor, akauawa na Achilles, na mama yake Eos, mungu wa alfajiri, akamwombea kwa Zeus apewe uhai usiokoma. Wagiriki walikuwa na utenzi mzima uliobeba jina la watu wake, sasa umepotea. Homer naye anasema miungu hupenda kwenda kula karamu kwa Wahabeshi. Katika miongo yote hii ya mapanga na minyororo, mahali pa maana alipopewa Memnon ni kwenye nyongeza ya Desemba 2021 ya Total War Saga: Troy, ambayo ni gemu ya kupanga majeshi. Mwafrika aliyepigana na Achilles ana kwa ana hajapewa padi.

Iliyo karibu nasi kuliko zote

Aprili 23, 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, ya studio ya Uingereza iitwayo Surgent. Mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya, ambaye mwaka 2017 alitoa sauti ya Bayek, shujaa wa Assassin's Creed Origins. Gemu inaweza kuchezwa yote kwa sauti za Kiswahili. Ukiwa umezoea kusikia miungu wakinguruma kwa Kiingereza, kusikia kifo kikijadiliana na kijana kwa lugha yako ni tukio la kipekee, na natamani kila kibanda cha mkoa huu kilisikie.

Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti katika imani za Kibantu, anamwomba mzee wake arudi. Kalunga anampa sharti: amletee roho tatu kubwa zilizokataa kwenda. Anapigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na mwendo wake ni wa kucheza ngoma. Salim aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake mwenyewe. Ni mapigano tangu mwanzo, ila hakuna kiti kinachopinduliwa. Kinachopiganiwa ni mtu kukubali kuzika. Mwisho wa 2024 iliteuliwa kwenye The Game Awards katika kundi la gemu zenye mguso kwa jamii.

Roho hizo tatu zimetoka kusini na magharibi mwa Afrika. Pwani yetu ina Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijuma wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913: aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ngoma ya gungu ikifunika sauti ya chuma, asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyechomwa na mwanawe wa kumzaa. Watu hutaja kisigino cha Achilles kila siku, na Homer hakukitaja hata mara moja. Kilidokezwa na Mrumi Statius karne nyingi baadaye. Kitovu cha Liyongo kimo ndani ya utenzi wenyewe, pamoja na kifo chake: alipiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji kwa sababu hawakujua kama amekufa.

Kijana wa Mkwajuni, Vwawa au Tunduma unayejifunza kuandika programu, anza na kisima hicho. Wazee mnaozijua ngano za Wabungu, Wanyiha na Wanyamwanga, zisimulieni mbele ya simu ya mjukuu inayorekodi. Na mwenye kibanda: Zau inapatikana kwa PlayStation 5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Ukiagiza gemu safari ijayo, agiza hiyo, na kwenye mipangilio uchague Kiswahili.